Misa ya Dominika na karatasi ya zamu: Imani ya binti Mkatoliki London

Na Mwandishi Wetu, London

Karatasi ya zamu hubandikwa Alhamisi jioni, kwenye kijichumba cha wafanyakazi, ukutani juu ya birika la umeme. Kila anayeingia kujichemshia chai huinua kidole na kukishusha taratibu mpaka kwenye jina lake. Vidole vya mabinti wa Kiafrika hukimbilia kwanza safu moja: Jumapili.

Nimeisoma karatasi ya namna hiyo kwa miaka miwili, katika makao ya wazee kusini mwa London, kabla sijaanza kula kwa kalamu. Zamu ndefu huanza saa 1:30 asubuhi na kwisha saa 2:00 usiku. Ukipangwa Jumapili, Misa ya asubuhi inakupita ukiwa unamwogesha mzee, na ya jioni inakupita ukiwa unamlisha supu kijiko kwa kijiko. Ukitoka, milango ya kanisa imeshafungwa.

Nilipopewa kazi ya kuandika jinsi binti Mkatoliki anavyoishi imani yake katika jiji hili, nilidhani nitaandika habari za kejeli, mavazi na wanaume. Yote hayo yapo. Lakini mabinti niliokaa nao, kutoka Moshi, Bukoba, Kisumu na Kampala, hawakuchukua muda kabla ya kurudi kwenye karatasi ile. Wengi waliomba nisiandike majina yao wala mahali wanapofanya kazi, na sababu yake itaonekana mbele.

> Imani ya binti wa Kiafrika London hupimwa kwanza na ratiba iliyoandikwa na mtu mwingine.

Kamba ndani ya kikapu

Ukishuka kituo cha Marble Arch na kutembea kidogo kandokando ya bustani ya Hyde Park, utafika kwenye nyumba ya Masista wa Tyburn. Mabasi yananguruma mlangoni. Ndani, katika kikanisa kidogo, Ekaristi Takatifu imewekwa juu ya altare usiku na mchana, na masista hupokezana kupiga magoti mbele yake nyuma ya uzio wa chuma. Walifika London mwaka 1901 wakikimbia sheria za Ufaransa zilizobana mashirika ya kitawa, wakahamia hapa mwaka 1903. Wao nao wana zamu. Sista mmoja anainuka, mwingine anachukua nafasi yake, na kiti hakipoi.

Walichagua mahali hapa makusudi. Hatua chache tu kutoka hapo ndipo uliposimama mti wa kunyongea wa Tyburn. Kati ya mwaka 1535 na 1681 Wakatoliki 105 waliuawa pale kwa ajili ya imani yao, na ndani ya kikanisa cha chini ya nyumba hiyo masalia ya baadhi yao yanatunzwa ukutani.

Miongoni mwao yumo mwanamke ambaye natamani kila binti wa kwetu amjue: Mtakatifu Margaret Ward. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, akiishi chini ya paa la tajiri wake wa kike hapa London. Mwaka 1588 alikuwa akienda gereza la Bridewell kumpelekea chakula padre aliyefungwa humo. Walinzi walizoea sura yake, wakalegeza kupekua kikapu. Siku moja, chini ya chakula, aliweka kamba. Padre akateremkia dirishani akatoroka, lakini kamba ikabaki ikining'inia, na kamba ile ndiyo iliyomfichua Margaret.

Waliteswa wengi kabla yake, naye akateswa. Aliahidiwa uhuru kama angemwomba radhi Malkia Elizabeth wa Kwanza na kwenda kusali katika kanisa la serikali. Alikataa. Alinyongwa Tyburn tarehe 30 Agosti 1588. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1970, pamoja na mashahidi wengine 39 wa Uingereza na Wales.

Leo hakuna anayenyongwa London kwa kwenda Misa. Tangu mwaka 1829 Wakatoliki walirudishiwa haki nyingi za kiraia, na mwaka 1850 wakarudishiwa maaskofu wao. Ninachotaka msomaji akione ni kazi aliyokuwa akiifanya Margaret. Hakuwa sista, hakuwa binti wa kifalme. Alikuwa msichana wa kazi, na saa zake zilikuwa mikononi mwa mwenye nyumba.

Waliokuja na viza ya kulea wazee

Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza, waliojiandika Wakristo katika Uingereza na Wales walishuka chini ya nusu: asilimia 46.2. Katika London walikuwa asilimia 40.7. Ukipanda treni ya asubuhi, anayekaa pembeni yako ana nafasi kubwa ya kuwa hajui Kwaresima ni nini. Hakuchukii. Hajui tu.

Lakini nenda Misa ya Dominika katika parokia yoyote ya mashariki au kusini mwa mji, uhesabu nyuso. Utakuta Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Wanaijeria, Waghana, Wapoland, Wabrazili, na katikati yao Waganda waliojifunga gomesi siku ya Mashahidi wao, tarehe 3 Juni. Kanisa la London linabebwa kwa kiasi kikubwa na wahamiaji. Na wahamiaji hao hao ndio wanaobeba hospitali na makao ya wazee.

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi. Februari 2022 walezi wa wazee na wagonjwa nao wakaingizwa katika viza ya wafanyakazi wa afya. Mabinti wengi wa Afrika Mashariki waliingia kwa mlango huo. Machi 2024 walezi wapya wakazuiwa kuja na waume au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ukafungwa.

Viza hiyo imefungwa kwa mwajiri. Ukipoteza kazi, kwa kawaida unabaki na siku 60 za kumpata mwajiri mwingine mwenye kibali, la sivyo urudi kwenu. Ndiyo maana waliniomba nisiwataje. Binti anayejua kwamba makaratasi yake yako kwenye faili la bosi hafungui mdomo kirahisi kusema Jumapili hii nataka kwenda kanisani.

Msalaba ulishinda, Jumapili ikashindwa

Sheria inasemaje? Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Kesi mbili zilizoanzia hapa London, zote za wanawake Wakristo ambao si Wakatoliki, zinaonyesha ulinzi huo unaishia wapi.

Ya kwanza ni ya Nadia Eweida, Mkopti aliyekuwa akihudumia abiria wa shirika la ndege la British Airways pale Heathrow. Mwaka 2006 alirudishwa nyumbani bila mshahara kwa kuvaa mkufu wenye msalaba mdogo juu ya sare, wakati kilemba cha Kalasinga na hijabu viliruhusiwa. Shirika lilibadili kanuni zake mwaka 2007, lakini yeye aliifuata haki yake mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 15 Januari 2013 alishinda.

Siku hiyo hiyo, katika hukumu hiyo hiyo, muuguzi Shirley Chaplin wa Exeter alishindwa. Mkufu wake ulikuwa wodini, na majaji waliona hospitali ilikuwa na sababu ya kuhofia usalama wa mgonjwa na wa muuguzi mwenyewe. Kwa hiyo wauguzi wa kwetu wamejipanga. Shingoni hakuna kitu, mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka, na mfukoni, kando ya kalamu na saa ya kubana kifuani, kuna rozari ndogo ya punje kumi. Nimeiona mara nyingi ikitolewa kwenye ngazi za dharura, dakika tano za mapumziko, kidole gumba kikisukuma punje.

Kesi ya pili ndiyo inayouma. Celestina Mba alikuwa mlezi katika makao ya watoto ya halmashauri ya Merton, kusini magharibi mwa London. Alianza mwaka 2007, na kwa takriban miaka miwili wakubwa wake walimpangia zamu bila kumgusa Jumapili. Kisha wakasema haiwezekani tena. Alijiuzulu mwaka 2010 akaenda mahakamani. Desemba 2013 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba imani yake ilikuwa ya dhati, tena ikasema majaji wa chini walikosea kuipunguza uzito kwa hoja kwamba si kila Mkristo anaishika Jumapili namna ile. Hata hivyo ilihitimisha kwamba watoto walihitaji walezi siku zote saba na halmashauri haikuwa na njia nyingine ya maana. Akashindwa.

> Chuma cha shingoni kimepata ulinzi. Saa moja ya Misa haijaupata.

Wauzaji wa madukani wana nafuu. Tangu mwaka 1994 sheria inawaruhusu kujitoa katika kazi ya Jumapili kwa kutoa notisi. Mlezi wa wazee hayumo. Anayeuza viatu anaweza kumwambia bosi Jumapili siji, na anayemgeuza mgonjwa kitandani hawezi.

Upande wa msimamizi

Nimekaa pia na mama mmoja anayepanga zamu, Mwingereza asiye na dini, na sitamfanya adui kwa sababu si adui. Hesabu yake ni fupi. Ana wazee wengi na walezi wachache. Nusu ya walezi wake ni Wakristo. Akiwapa wote Jumapili, itabidi awabebeshe Waislamu na wasio na dini, nao wana watoto ambao shule zimefungwa siku hiyo. Mzee mwenye kiharusi hapumziki kulowa kwa kuwa ni siku ya Bwana.

Ana haki, na Kanisa lenyewe linamkubalia sehemu kubwa. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inamtaka mwamini ashiriki Misa siku ya Dominika na kujiepusha na kazi zinazomzuia kumwabudu Mungu. Lakini Katekisimu, namba 2185, inatambua kwamba mahitaji ya familia au huduma muhimu kwa jamii ni udhuru halali. Binti anayemhudumia mgonjwa Jumapili hatendi dhambi. Nilishangaa ni wangapi hawakuwahi kuelezwa hivyo. Wamebeba hatia miaka mitatu, wanaogopa hata kupokea Komunyo siku wanapopata nafasi, kwa kosa ambalo si kosa.

Na kuna njia ya wazi: kanuni ya 1248 inasema Misa ya jioni ya siku inayotangulia inatosheleza wajibu wa Dominika. Anayekuwa huru Jumamosi jioni ameshapona.

Tatizo langu na wasimamizi ni jingine. Wapo wanaompanga binti yule yule Jumapili nne mfululizo kwa sababu ndiye mgeni na ndiye hasemi. Hapo suala la mzee kulowa halipo tena. Hapo ni uonevu wa kawaida, na kubadilishana zamu kwa haki kungeumaliza kwa dakika kumi za kalamu.

Samaki wa Ijumaa

Si kila kitu ni vita. Tangu tarehe 16 Septemba 2011 maaskofu wa Uingereza na Wales waliurudisha wajibu wa kuacha nyama kila Ijumaa ya mwaka, si ya Kwaresima peke yake. Mabinti wengi wanaotoka kwetu hulisikia jambo hili kwa mara ya kwanza wakiwa hapa.

Na hapa ndipo nchi hii inapokusaidia bila kujua. Ijumaa, jikoni kwa makao yetu, mpishi alikuwa akikaanga samaki. Ijumaa zote. Samaki aliyevikwa unga wa ngano mpaka akawa na rangi ya maandazi, chipsi nene, njegere za kijani zilizopondwa, na siki. Hospitali nyingi hufanya hivyo, shule nyingi hufanya hivyo. Ni mabaki ya mfungo wa kale wa Kikristo, na wengi wanaomla samaki huyo hawaujui tena.

Nilikuwa na bibi mmoja wa miaka 90 na zaidi, mwenye asili ya Ireland, ambaye alikuwa amesahau majina ya wanawe. Ijumaa moja jiko liliharibika ikaletwa mikate yenye nyama ya nguruwe. Bibi aliuinua mkate wa juu, akachungulia, akausukuma mbali kwa kidole, akafanya ishara ya msalaba. Nami nikaweka wangu chini. Tulikula biskuti na chai, mimi na yeye, kwenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Katika miaka yangu ya London hiyo ndiyo meza iliyonikumbusha jumuiya kuliko zote.

Dhamiri wodini

Kwa wauguzi na wakunga swali huwa zito zaidi. Sheria ya mwaka 1967 iliyoruhusu utoaji mimba ilimpa mhudumu mwenye pingamizi la dhamiri haki ya kutoshiriki, katika kifungu cha 4. Wakunga wawili Wakatoliki wa Glasgow, Mary Doogan na Concepta Wood, walitaka haki hiyo iwaondolee pia kusimamia na kuwapanga wenzao wanaoifanya kazi hiyo. Tarehe 17 Desemba 2014 Mahakama ya Juu, hapa London, iliamua kwamba kifungu kinamkinga anayeshiriki kwa mikono yake tu. Kupanga zamu na kusimamia havimo.

Maana yake kwa binti anayepanda cheo ni nzito: kadiri unavyopanda, ndivyo ngao inavyopungua. Wakunga niliozungumza nao hujieleza mapema, kwa maandishi, siku za kwanza za kazi, na wanasema wakubwa wengi huheshimu. Anayenyamaza mpaka siku yenyewe ndiye anayeumia.

Nje ya wodi, jiji limegawanyika. Aprili 2018 halmashauri ya Ealing, magharibi mwa London, ilikuwa ya kwanza nchini kuzuia mikusanyiko, pamoja na sala, karibu na kliniki ya utoaji mimba. Tarehe 31 Oktoba 2024 katazo likawa la Uingereza na Wales nzima: mita 150. Waliolitaka wanasema mwanamke aliye katika siku ngumu ana haki ya kupita bila kusimamishwa. Wanaolipinga wanasema wapo wanawake waliosaidiwa pale pale mlangoni wakawalea watoto wao. Pande zote mbili zina wanawake. Mimi namwamini anayesali kwa kunyamaza kuwa hamdhuru mtu, na naamini pia kwamba msaada ulio bora kwa mama mwenye mimba huanza na chumba, maziwa na nauli.

Kanisa la London linajua kufanya hilo. Mwaka 2015 Caritas Westminster walifungua Bakhita House, makao ya wanawake waliookolewa kutoka katika biashara ya binadamu. Jina ni la Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani, akawa yaya katika nyumba ya watu huko Italia. Tajiri wake wa kike alipotaka kuondoka naye, Bakhita alikataa, na Novemba 1889 mahakama ya Venice ikatamka kwamba ni mtu huru. Naye alikuwa msichana wa kazi.

Rozari ndani ya basi

Nyumbani imani ina watu. Jumuiya Ndogo Ndogo inahamia kwako wiki hii, kwa jirani wiki ijayo, na usipoonekana mara mbili mama mmoja atakuja kugonga mlango. London unaweza kuugua siku nne na jirani asijue una jina gani.

Kwa hiyo jumuiya imehamia kwenye simu. Mama yangu, Moshi, huanza rozari saa 3:00 usiku. Wakati wa baridi hapa huwa saa 12:00 jioni, na mara nyingi hunikuta kwenye basi. Naweka vipokea sauti masikioni, napunguza mwanga wa simu, najibu bila sauti, midomo ikicheza. Kwa nyuma namsikia mbwa wa jirani, na mdogo wangu akipitiwa na usingizi katikati ya fumbo la tatu.

Uchumba ndio mgumu. Hapa kuhamia kwa mwanaume kabla ya ndoa ni jambo la kawaida, na kodi ya chumba inalifanya lionekane la busara: mkilala wawili, mnalipa nusu. Binti anayesema anasubiri ndoa huulizwa kama ana tatizo. Lakini uchumba sugu haukuzaliwa London, tunaujua Dar es Salaam na Nairobi. Tofauti ni kwamba kule kuna shangazi wa kumuuliza kijana anakuja lini na wazee wake. Hapa hakuna, na parokia zilizoweka hata kikundi kimoja cha vijana wa kula pamoja baada ya Misa zimefanya kazi ya shangazi.

Saa 3 usiku

Ninawaomba mapadre wa jimbo kuu la Westminster na la Southwark, mto mmoja na kingo zake mbili, jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Misa nyingi za Jumapili jioni huanza kati ya saa 11 na saa 1. Zamu inakwisha saa 2. Kila kanda ya mji iwe na parokia moja yenye Misa ya saa 3 usiku, karibu na kituo cha basi, kwa ajili ya wanaotoka kuwahudumia wagonjwa wa London. Ukumbi wa kahawa hauhitajiki. Kwaya haihitajiki.

Nanyi wazazi mlioko nyumbani, mnapopiga simu Jumapili, msimuulize binti kwanza kama ametuma pesa. Muulizeni kama wiki hii amepata nafasi ya kwenda Misa, na akisema hakupata, msimfokee.

Na wewe binti unayejiandaa kuanza kazi hapa: kabla hujatia saini mkataba, waombe Jumapili mbili kwa mwezi, au Jumamosi jioni, na uombe iandikwe. Wakikubali, karatasi hiyo itunze pamoja na pasipoti.